Vigelegele Nilivyopiga Mapema

Naikumbuka Ijumaa moja pale Kisenyi, Kampala, saa saba mchana, mafundi wa gereji zote wameweka nyundo chini na kwenda msikitini. Mwanangu, kama hujawahi kuishi Kisenyi huwezi kujua kimya kile kilikuwa kitu gani. Wiki nzima chuma kinagongwa, bodi za magari zinanyooshwa, ukitaka kuomba chumvi kwa jirani inabidi upige kelele kama mnagombana. Halafu Ijumaa, adhana ikiisha, mtaa unatulia hadi unasikia sufuria ya mwenzako ikichemka. Ndani ya kimya hicho nilifanya kosa ambalo mpaka leo, bibi mzima mwenye vitukuu, likinijia nikiwa napepeta mchele, mikono inasimama yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani, ndiyo maana wajukuu wangu hawaniiti bibi, wananiita Habuba. Nyumbani kwetu kulikuwa na vyumba vitatu katika ua mmoja mkubwa, pamoja na wapangaji wa kila kabila. Tuliishi mama yangu, mimi, na wifi yangu Zaituni, mke wa kaka yangu Juma. Juma alikuwa polisi, na miezi ile alikuwa amepelekwa kazini kaskazini, kwa hiyo tulikuwa nyumba ya wanawake watatu.

Zaituni alitoka Nateete. Alikuwa mpole wa kudanganya watu: anakaa kimya, anainamisha kichwa, kumbe anatunga neno la kukuchekesha mpaka ushike mbavu. Yeye alinifundisha kushona na kupika kisra, ule mkate wetu mwembamba, isiyokatika, na mimi nilimfundisha namna ya kumjibu mama yangu bila kuanzisha vita, na naamini elimu yangu ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Juma alipokuwa safarini tulilala chumba kimoja na kuongea hadi mama agonge ukuta. Nilikuwa sina dada. Nilimpenda sana, nalisema hilo mapema ili usije ukadhani kosa langu lilitoka kwenye chuki.

Mimba yake ilikuwa ya kwanza. Katika ua wetu, wengi walizalia nyumbani, kwenye mkeka, katikati ya wanawake waliokujua jina na tabia. Wapo waliokwenda hospitali, hatukuwacheka. Lakini sisi tulikuwa na Hajati Zura, na ukiwa na Hajati Zura hukuona sababu ya kwenda mbali.

Hebu nikueleze huyo mama. Alikuwa mkunga, mfupi, mnene kidogo, na sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika wadi ya wazazi ya hospitali moja ya mjini mpaka akastaafu, na kabla ya hapo alikuwa amefundishwa na bibi yake. Kwa hiyo alikuwa na elimu mbili kichwani, na hakuiruhusu moja imtukane mwenzake. Akifika kwako anavua bangili zote, anazifunga kwenye leso, ananawa kwa sabuni mpaka viwiko, halafu ananawa tena. Kucha alizikata mpaka karibu na nyama. Ukimpa chai kabla ya kazi anakushukuru na hainywi.

Na alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa mkunga mwingine. Wiki moja au mbili kabla ya siku, aliwaita watu wote watakaokuwa chumbani na kumgawia kila mmoja kazi. Asiye na kazi haingii, hata kama ni mama mzazi. Kwetu alitukalisha barazani. Mama yangu akapewa maji ya moto, na kumpokea mtoto akishafungwa kitovu, na kukaa naye palepale pembeni mwa mkeka, asiondoke. Mama Akello, jirani yetu Mwacholi, mjane wa polisi mwenye mabega ya kubeba gunia, akapewa mgongo: akae nyuma ya Zaituni, amwegemeze kifuani pake, asimwachie mpaka aambiwe. Halafu akanitazama mimi.

"Wewe, Rehema, yako ni mlango. Hakuna mtu anaingia, hakuna mtu anatoka. Na hiyo kelele yako ya harusi, unafunga mdomo mpaka mimi nasema piga. Umesikia?"

"Nimesikia, Hajati."

"Mtoto akitoka, bado. Ya nyuma, kondo, ikitoka, damu ikitulia, mimi natazama wewe, ndiyo unapiga. Hapo piga mpaka Nateete wasikie."

Watu wote barazani wakacheka, kwa sababu hiyo "kelele ya harusi" ilikuwa inajulikana. Mwanangu, nilikuwa na kigelegele! Usinione hivi nakohoa nikipanda ngazi. Nilikuwa nikianza, wanawake wazima wananyamaza kunipisha. Nilialikwa harusi za watu nisiowajua, nikae karibu na bibi harusi, nifanye kazi hiyo moja tu. Na ndani ya moyo wangu, siku zote Zaituni alipokuwa akihesabu miezi, mimi nilikuwa nahesabu siku ya kupiga vigelegele vya mtoto wa kaka yangu. Nilifanya mazoezi nikienda bombani kuchota maji. Ndiyo, cheka, hata mimi nilikuwa nikijicheka.

Uchungu ulimwanza alfajiri ya Ijumaa hiyo. Sijui nikueleze vipi uzuri wa chumba kile asubuhi ile, maana mkisikia kuzaa nyumbani mnawaza giza na vilio. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limeshushwa, jua linapita kwenye kitambaa na kukifanya chumba kizima kuwa cha rangi ya chungwa. Mama alikuwa amefukiza uvumba kidogo, Hajati akasema umetosha, mwenye kuzaa anataka hewa. Mama Akello alikaa nyuma ya Zaituni, miguu amenyoosha, akimwimbia chini chini wimbo wa kwao ambao hakuna kati yetu aliyeujua maneno. Uchungu ukija Zaituni anamshika mikono na kuuma leso. Uchungu ukienda, anarudi kuwa Zaituni.

"Wifi," akaniambia mara moja, jasho linamtiririka, "Juma akirudi, mwambie alale gereji. Chini ya gari."

Tulicheka wote, hata Hajati, na Mama Akello alipotafsiriwa akacheka peke yake baada yetu kwa muda mrefu. Nilisimama mlangoni na kujiona nimekuwa mtu mzima. Majirani walipita wakiuliza, nikawajibu kwa sauti ya chini kama Hajati: bado, tuombeeni. Mimi, msichana wa kutumwa sabuni, ndiye niliyekuwa naamua nani asogee na nani arudi nyuma. Asubuhi ile ilinilevya, na sioni haya kusema hivyo.

Kisha adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, wanaume wakaondoka, nyundo zikanyamaza. Hajati akasema, kwa sauti ileile anayoombea sabuni, "Sasa, Zaituni. Sasa, mama yangu."

Mlinda mlango anatakiwa atazame nje. Mimi niligeuka. Nikamwona mtoto anatoka, mwekundu, mwenye nywele nyingi, na Hajati akimpokea kama mtu aliyezoea kupokea. Akalia. Hajati akafunga kitovu, akakata kwa wembe mpya, akamfunika kwa kitenge na kumkabidhi mama. Mama akachungulia na kusema, "Msichana! Hadija wangu!" kwa sababu Hadija lilikuwa jina la mama yake. Na mimi hapo, mwanangu, sikumtazama Hajati. Sikukumbuka ya nyuma, wala damu, wala lile neno "bado". Nilifungua mdomo nikapiga.

Nilipiga vigelegele ambavyo sijapiga tena maisha yangu. Kwa sababu ya kile kimya cha Ijumaa vilikwenda mbali, na ua wote ukajibu. Wanawake waliacha sigiri, waliacha nguo kwenye makarai, wakaja mbio wakipiga vyao. Nilikuwa mlango, na mlango haukuwepo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nacheza. Wakanipita. Mama, aliyeambiwa asiondoke pembeni mwa mkeka, akasimama ili awaonyeshe mjukuu wake, kidogo tu, pale kizingitini. Mtoto akachukuliwa na mkono huu, ukampa mkono ule. Mama Akello naye akainuka ili aone, kwa kuwa huko nyuma alikuwa hajaona kitu, akamlaza Zaituni kwenye mkeka.

Nilipiga mpaka pumzi ikakata. Nilipokuwa navuta pumzi nyingine nikamwona Hajati. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika, anasema kitu, na sikukisikia kwa sababu ya kelele tuliyokuwa tunapiga. Sijui alikuwa ameita mara ngapi. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo la Zaituni, anakanda kwa nguvu zote. Mkeka chini yao ulikuwa umebadilika rangi, na damu ilikuwa inafika kwenye goti lake.

Nikapiga kelele ya aina nyingine, na watu wakanyamaza.

"Leteni mtoto," Hajati akasema. "Mtoto anyonye. Akinyonya, tumbo inakaza, damu inashika. Mtoto iko wapi?"

Mwanangu, mtoto hakuwepo chumbani. Mama alitazama mikono yake kama mtu aliyeangusha kitu barabarani. Mama Akello alikuwa amekwisha kurudi nyuma ya Zaituni, anamwinua, anamwita jina. Nikatoka mbio. Nikamwuliza Nalongo, Mganda wa chumba cha pili, mama wa mapacha. "Banange, jamani, mimi nimepatia ule dada wa Kisomali." Dada wa Kisomali alisema amempa mama mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba alisema amepelekwa kwa bibi wa chumba cha mwisho. Watu walikuwa wakiniambia hongera huku nakimbia. Ua ule nilikuwa nauvuka kila siku kwa hatua arobaini, na siku hiyo haukuisha.

Bibi wa chumba cha mwisho alikuwa amekaa kitako, mtoto mapajani, anatafuna tende ampake mdomoni kama ilivyo desturi yetu.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu, bado tende."

"Bibi, mama yake anakufa."

Akaniachia.

Tulimweka mtoto kwenye titi la Zaituni. Zaituni alikuwa na macho nusu wazi, hatuoni. Mama Akello alimshikilia mtoto kwa mkono mmoja na kifua cha mama kwa mkono mwingine, na mtoto, Mungu ambariki, akavuta kama mtu mwenye deni na dunia. Hajati akakanda, akaomba, akakanda. Ya nyuma ikatoka. Damu ikapungua, lakini haikuisha. Hajati akanyanyua uso wake na kusema jambo ambalo mkunga mwenye kiburi hawezi kulisema.

"Hapa mikono yangu imefika mwisho. Hospitali, sasa hivi."

Wanaume wenye magari walikuwa kwenye sala. Mama mwenye nyumba akatoka barabarani bila viatu na kusimama mbele ya teksi iliyokuwa inaelekea Nateete na abiria wake. Abiria wakatazama, wakashuka wote mmoja mmoja bila neno, kuna mmoja aliyevua shuka lake na kututandikia kiti. Hajati na Mama Akello wakaingia na Zaituni. Mimi nilibaki nimesimama kwenye vumbi. Nyuma yangu nyundo zilikuwa zimeanza tena.

Zaituni aliongezewa damu, akapona. Nakwambia mapema ili usinisikilize kwa hofu, maana jambo lenyewe ninalotaka kukueleza lilikuwa bado linakuja.

Mtoto alibaki nyumbani na mama yangu. Wadi ilikuwa imejaa, mgonjwa hana nguvu hata ya kuinua kikombe, na yule dada wa Kisomali alikuwa na mtoto wa miezi minne, akamnyonyesha Hadija pamoja na wake. Mama Akello ndiye aliyekaa hospitali na Zaituni, akimwosha na kumlisha uji. Siku mbili sikwenda. Nilisema nafua nguo za mtoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Siku ya tatu mama akanipa chupa ya supu na kunisukuma mlangoni.

Nilimkuta Zaituni amelala ameutazama ukuta. Uso ulikuwa umekuwa mdogo. Nikasalimia, nikamimina supu, nikaanza kuongea maneno mengi ya mtu mwenye hatia: jua kali, nani kahama, bei ya matoke. Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa. Halafu akaniuliza, taratibu, kama mtu aliyelifikiria swali hilo siku nzima.

"Wifi, mtoto wangu mlimzika wapi?"

Mwanangu, nikamwambia yu hai, nakwenda kumleta.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Yeye alisikia mtoto akilia mara moja. Kisha akasikia wanawake wengi kwa pamoja wakipiga kelele, na katika hali ile ya kupotea fahamu alidhani ni kilio. Mengine hakuyakumbuka, hata mtoto kuwekwa kifuani pake hakukumbuka. Alipozinduka hakuona mtoto, na hakuna aliyemtaja. Na kwetu ipo desturi: mtoto akifa, mama aliye dhaifu haambiwi mpaka apate nguvu. Zaituni aliijua. Kwa hiyo alipoona tunanyamaza, akaelewa kuwa tunamsitiri, na yeye kwa adabu yake akanyamaza ili asitutie kwenye shida ya kumjibu. Hajati alidhani Mama Akello amemweleza. Mama Akello, mwenye Kiswahili chake kidogo, alidhani Hajati amemweleza. Siku tatu alikuwa anaomboleza peke yake, anakunywa uji wetu na kutushukuru.

Ua mzima ulijua ni msichana. Abiria wa teksi ya Nateete walijua. Mafundi wa gereji walijua hata jina lake ni Hadija. Aliyemzaa hakujua kama yu hai.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamchukua mtoto kwa mama bila maelezo, nikarudi naye. Muuguzi wa mlangoni akaanza kuniambia kuhusu saa za kuona wagonjwa, akautazama uso wangu, akanipisha. Nilimweka Hadija mikononi mwa mama yake. Zaituni hakulia. Alimfungua kitenge, akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu, akagundua ni msichana, akacheka kidogo kwa mshangao. Mimi ndiye niliyelia, na nililia vibaya mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akanibembeleza.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Hajati Zura. Nilitaka anitukane, maana ukitukanwa unalipa na mambo yanaisha. Alikuwa anachambua mboga barazani. Nikamweleza yote mpaka lile swali. Aliacha mboga.

"Mimi pia nimekosa," akasema. "Nilipaswa kumwambia mimi mwenyewe, sio kudhani. Hiyo ni yangu, nitaibeba. Lakini wewe, Rehema, ulikuwa na furaha ya mtoto, ukasahau aliyezaa yuko bado chini. Ile chumba ilikuwa na watu wawili wa kuangalia. Nyinyi wote mlifuata mmoja."

Halafu akanipa adhabu. Tangu Zaituni atakapotoka hospitali hadi arobaini yake iishe, kila jioni, niende kwake kumpa habari zake. Niliona ni adhabu nyepesi, nikakubali haraka. Siku ya kwanza nilifika na kusema, "Hadija amenyonya vizuri, ameongezeka."

"Sijauliza Hadija. Zaituni amekula nini?"

Sikujua. Siku ya pili nilijua amekula nini, akaniuliza amelala saa ngapi. Sikujua. Siku ya tatu akaniuliza, leo Zaituni amesema nini ambacho hakikuhusu mtoto? Mwanangu, nilirudi nyumbani nikagundua kuwa tangu atoke hospitali hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza neno ambalo halikuhusu mtoto. Wageni walikuja wengi, na kila aliyeingia alinyoosha mikono kuelekea kitenge kile kidogo, akampita Zaituni kama anavyopita kiti.

Basi nikaanza kukaa naye. Mwanzoni nilikaa kwa ajili ya kumridhisha Hajati, baadaye kwa ajili yangu. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto. Nilimsikiliza. Wiki ya tatu akaniambia kwamba bado akifumba macho anasikia wanawake wanalia, na kwamba anaogopa kulala. Sikumwambia kwamba sauti ya kwanza kati ya hizo ilikuwa yangu. Nilimwambia siku ya arobaini, baada ya yeye kuoga na kuvaa nguo mpya, tukiwa wawili. Akasema, "Nilijua. Kigelegele chako nakijua hata nikifa." Akanishika mkono. Alinisamehe, lakini hakufanya mzaha wowote siku hiyo, na mimi niliuona huo mzaha uliokosekana.

Sasa nakuja kwako wewe unayesoma haya.

Juzi mjukuu wangu Shamimu, anayeishi Kamwokya, alinipigia simu akasema, "Habuba, mimi nitazalia nyumbani." Nilidhani mambo hayo yameisha na zama zetu. Akaniambia amepata mkunga aliyesomea, mwenye cheti, amempima mara zote, amemwona hana tatizo, na gari litakuwa mlangoni na dereva ndani yake. Akataka wawepo mumewe, mama yake, na mimi. Moyo wangu ulifurahi, siwezi kukuficha. Niliiona tena ile rangi ya pazia. Lakini nilimwuliza maswali mpaka akachoka, na nitakuachia na wewe yale niliyomwambia.

Ukizaa nyumbani au hospitali, mwanangu, chagua watu wako mapema na umpe kila mtu kazi yake. Anayekupenda lakini hawezi kukaa kwenye kazi yake, mpende, na umwache sebuleni. Mkunga akisema twende hospitali, hakuna kikao cha familia; mnainuka na kwenda, na mtu asione aibu, kwa sababu Hajati Zura aliyekuwa bora kuliko wote niliowajua alilisema neno hilo bila aibu. Mtoto asitoke kwenye kifua cha mama yake kwenda kuzunguka ua. Tende itasubiri, bibi atasubiri, hata adhana ya sikioni itasubiri kidogo, Mungu si mwenye haraka kama sisi.

Na ninyi mnaoingia chumbani na simu zenu. Nimeona siku hizi picha ya mtoto inafika kwenye simu za ukoo mzima, Kampala mpaka ughaibuni, ya nyuma ikiwa bado haijatoka. Watu wanaandika hongera, wanaweka mioyo na maua, na mama mwenyewe yuko chini anatafuta mkono wa kushika. Hivyo ni vigelegele vyangu vilevile. Weka simu chini. Mtazame yeye kwanza, mwite kwa jina lake alilokuwa nalo kabla hajaitwa mama fulani. Mwambie amezaa nini, mwambie mtoto yu hai, mwambie hata kama unadhani mwenzako amekwisha kumwambia. Kama mtoto hakuishi, mwambie vilevile, kwa upole, ukiwa umemshika, usimwache abahatishe peke yake akiutazama ukuta. Na siku zinazofuata, ukienda kumwona mzazi, kabla hujanyoosha mikono kumpokea mtoto, kaa chini, mwulize amelala vipi, na usubiri jibu.

Mimi Shamimu ameniomba nishike mlango. Nimekubali, na safari hii nitatazama nje.

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akufikishe siku yako ukiwa na nguvu. Akupe mkunga mwenye mikono safi na ulimi mdogo. Akuwekee nyuma yako mtu wa kukuegemeza asiyeinuka kabla ya wakati, na akupe kizazi kitakachokuzika wewe kwa uzee, kisikuzike wewe kwa kuzaliwa. Na kati ya watu wote watakaomjua mwanao duniani, wa kwanza kabisa uwe wewe. Amina.